Inaingia, Inakaa, Inangoja

Bweni la wanawake, chuoni
3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, ingawa nakujua: wewe huketi mpaka ulazimishwe na homa. Mimi ni mzima. Kichwa tu ndicho kisichopumzika, nacho nilikirithi upande wenu. Mwambie Baba kwamba goti lake halitapona kwa kutukanwa kila asubuhi, alipeleke kwa daktari. Mwambie pia kwamba simu niliiacha kwa hiari yangu. Sikuibiwa wala sikuiuza. Anayenitaka na aandike, kama watu walivyoandikiana kabla hatujawa watumwa wa kioo.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Baba ameniandikia kwamba shule yenu imewekewa waifai, na kwamba kisanduku chake kimepigiliwa kwenye dari ya darasa la nne, darasa lako, juu kabisa ya madawati ya mbele. Shangazi! Nani aliulizwa? Wazazi waliulizwa? Walimu mliulizwa? Sisemi kwamba imethibitishwa kuwa mawimbi ya kisanduku kile yanadhuru. Wataalamu bado wanabishana, na wengi wao wanasema kipimo chake ni kidogo mno. Ninalosema ni hili: pale ambapo wakubwa hawajamaliza kubishana, mtoto asifanywe meza ya majaribio. Zipo nchi zilizokwisha kuamuru mitambo hii izimwe katika madarasa ya watoto wadogo kila isipotumika. Je, watoto wetu wana mafuvu ya chuma?

Nimetunga kipeperushi. Sentensi yake ya katikati naipenda kuliko mtihani wowote niliowahi kufaulu: “Mionzi haionekani, haisikiki, hainuki. Inaingia, inakaa, inangoja.” Isome kwa sauti, uone inavyotembea. Nakala mia mbili zimekwisha pigwa chapa. Nakuomba uwagawie wazazi kwenye mkutano wenu.

Ni mimi, kwa jina ulilonipa mwenyewe,
Kipaza

*

Nyumbani
21 Februari

Kipaza mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimesimama. Baba yako amekwenda kwa daktari, akaambiwa apunguze chumvi na apunguze maneno. Chumvi amepunguza. Mimi nina watoto hamsini na wawili darasani mwaka huu na sauti yangu imebaki nusu, hivyo usishangae nikiandika kwa kunong'ona.

Jambo lako nililichukua kwa uzito, maana hata mimi kile kitu kinachowaka taa ya kijani juu ya vichwa vya wanangu kilikuwa kinanikera. Nilimwita fundi wa mitandao. Akapanda ngazi, akakiangalia, akashuka.

“Mwalimu, hiki ukikiweka koridoni kitafika vilevile.”

“Basi kwa nini ulikiweka hapa?”

“Msumari ulikuwepo.”

Ndiyo siri yote, mwanangu. Hapakuwa na njama, palikuwa na msumari. Mwalimu mkuu amekubali kihamishiwe koridoni, chumba cha kompyuta kivutiwe waya, na mtambo uzimwe kila pasipo na somo linaloutaka. Tunangoja tu kamati ya wazazi ipige muhuri. Unalolitaka limekaribia kupatikana, tena bila kumtisha mtu.

Nina ombi moja. Kama ni lazima uandike, andika “mawimbi”. Usiandike “mionzi”. Neno hilo huku kwetu lina mwenyewe. Ni la hospitali kuu ya huko uliko, lile jengo la nyuma ambalo watu wa mtaani kwetu wakipelekwa, majirani hushusha sauti. Ukimwambia mama “mionzi”, hafikirii kisanduku, anafikiria jengo. Na ipo sababu nyingine ambayo si yangu kuitoa, niliahidi. Niamini tu, kama ulivyoniamini siku ya kukufundisha baiskeli.

Kula vizuri. Ukikonda baba yako atanilaumu mimi.

Shangazi yako

*

Bweni la wanawake
2 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, na pole kwa sauti. Nimefurahi kusikia chumvi imepungua. Maneno ya Baba tuyaache, ni urithi wa ukoo. Mimi nakula. Mwenzangu wa chumbani ananiita “mgomo wa njaa” kwa sababu nasoma nikiwa mezani na chakula kinapoa, lakini nakula.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekataa. Mawimbi! Mawimbi ni neno la watu walio likizo. Nani aliwahi kuamka kitandani kwa kuogopa mawimbi ya kisandukuni? Kamusi iko upande wangu: ya hospitali huitwa mionzi, na haya huitwa mionzi. Kama lugha imeyaweka chini ya paa moja, mimi ni nani niyatenganishe? Umma uliolala hauamshwi kwa kunong'onezwa, Shangazi. Na hiyo “sababu nyingine” usiyoitoa, niwie radhi, ndiyo lugha ileile ya ofisini: tuaminini, msiulize. Nimechoka kuambiwa nisiulize. Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza.

Kwa hiyo sikukungoja. Vipeperushi nimevipeleka kwa posta, moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule fundi cherehani. Nimemwandikia avisome mkutanoni kwa sauti. Utakasirika leo, utanishukuru mwakani.

Kipaza

*

Nyumbani
19 Aprili

Kipaza,

Sisi wazima. Goti la baba yako limepungua uvimbe. Mvua imeharibu paa la choo cha walimu.

Kisanduku kimeng'olewa. Hakikuhamishwa, kiling'olewa, na kila kitu cha waya kikazimwa, hata kengele ya umeme. Wazazi walikisimamia wenyewe. Umeshinda.

Kama una kitabu cha kusoma cha darasa la nne, kile chenye hadithi fupi, nitumie. Nina mwanafunzi mmoja anayesomea nyumbani.

Shangazi yako

*

Bweni la wanawake
6 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kitabu nimekifunga pamoja na barua hii. Nimekitoa kwenye duka la vitabu vilivyokwisha tumika, kwa hiyo usishangae kuona mtu ameshachora masharubu kwenye picha zote, pamoja na ya mbuzi.

Nilipoisoma habari ya ushindi nilisimama juu ya kiti. Niliwasomea wenzangu wa chama cha wanafunzi, wakapiga makofi. Mmoja akasema sentensi ile ibandikwe kwenye ukuta wa ukumbi. Imebandikwa. Nilikuwa na furaha ya siku mbili nzima.

Siku ya tatu niliirudia barua yako, nikahesabu mistari. Wewe ambaye hujawahi kuniandikia habari ya kuku bila kunieleza na rangi yake, umeniandikia ushindi wa maisha yangu kwa mistari michache na choo cha walimu. Hukuniita mwanangu. Nilimwandikia Baba kumuuliza, akanijibu maneno mawili: “Muulize shangaziyo.”

Basi ninakuuliza. Nani anasomea nyumbani, na kwa nini?

Kipaza

*

Nyumbani
30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa. Barua hii niliianza mara nne; mara tatu ilikuwa ya hasira na mara moja ilikuwa ya uongo. Hii ni ya tano. Kitabu kilifika, na aliyekipokea alicheka sana kwa yale masharubu ya mbuzi. Nakuambia hilo kwanza, kwa sababu ndilo jema peke yake nililo nalo.

Yupo mtoto darasani kwangu tunayemwita Nukta, kwa udogo wake. Mama yake ni msusi. Mwaka jana Nukta alitoka uvimbe shingoni, akapelekwa huko uliko, katika lile jengo la nyuma, akatibiwa kwa mionzi wiki sita. Alirudi Januari amefunga kitambaa kichwani, amepona. Mama yake aliniomba nisimwambie mtu ni tiba gani, niseme tu alikuwa mgonjwa. Niliahidi. Lakini mtaa una masikio, wengi walikuwa wamekwisha jua nusu. Nusu ya pili waliipata kwako.

Fundi cherehani aliisoma karatasi yako mkutanoni, na aliisoma vizuri, ana sauti nzuri yule mtu. Wiki ile ile kisanduku kikashuka. Mkutano uliofuata akasimama tena, futi yake shingoni.

“Kisanduku tumekimaliza,” akasema. “Sasa tuseme na lile la pili.”

“La pili lipi?” mwalimu mkuu akauliza.

“Mwalimu, hapa hakuna mtoto anayetusikia, tuseme wazi. Kuna mtu aliyepigwa mionzi yenyewe, ya mashine kubwa. Na karatasi hii ya msomi wa chuo kikuu inasema inakaa. Kama ya kisanduku inakaa, ya mashine je?”

Mama mmoja akadakia: “Wangu amekaa naye dawati moja mpaka juzi. Wiki nzima anakohoa.”

“Anakohoa kwa sababu humfungi vifungo,” akasema mwingine. Watu wakacheka, kisha kicheko kikafa chenyewe.

Mama Nukta alikuwa amekaa nyuma. Akasimama. “Jamani, si mnamsema mwanangu? Mnamjua. Amekulia mikononi mwenu.”

“Tunamjua, mama. Hatuna ubaya naye. Akae nyumbani kidogo tu, mpaka itoke.”

“Itoke nini?”

“Hiyo inayokaa.”

Ningeweza kusimama, Kipaza. Nilikuwa na chaki mkononi na miaka ishirini na mitano ya kusimama mbele za watu. Sikujua jibu la kitaalamu, nikaogopa kusema nisilolijua. Nilikaa.

Watoto nao walikwisha shika ile sentensi yako. Ina mwendo mzuri, ulisema mwenyewe. Waliifanya wimbo wa kuruka kamba. Nukta akitokea getini, kamba inasimama, wanaanza: “Inaingia! Inakaa! Inangoja!” na kwenye “inangoja” wanatawanyika wakipiga kelele. Mwanzoni na yeye alikimbia pamoja nao, alidhani ni mchezo. Siku aliyotambua wanamkimbia nani, aliniambia, “Mwalimu, naomba ruhusa niende nyumbani, tumbo linauma.” Dawati lake lilikuwa limekwisha sogezwa dirishani, peke yake. Alichukua mkoba, hakurudi.

Kwa mama yake wateja wamepungua. Mmoja alifika, akamwona mtoto ameshika chanuo, akakumbuka ana safari.

Sikuandikii ili ulie. Uliniuliza, nami nimekujibu.

Shangazi yako

*

Bweni la wanawake
14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sina habari za mzaha leo. Baba mpe salamu.

Jambo la kwanza nililolifanya baada ya kuisoma barua yako ni lile ninaloona aibu kulisema: nilichukua karatasi nikaanza kutunga kipeperushi kingine. Nilikuwa nimefika mstari wa pili, nao ulikuwa mzuri, nilipotambua kwamba nautafutia mapigo. Nikauchana.

Nitakueleza sentensi ile ilivyozaliwa. Makala niliyoisoma ilisema mawimbi hayo huingia kidogo mwilini. “Inaingia” nililikuta. “Inakaa” na “inangoja” hayakuwa popote. Hakuna mtaalamu aliyeyasema, hata wale wakali kabisa wa upande wangu. Niliyaongeza mimi kwa sababu sentensi ilikuwa inachechemea. Ilihitaji miguu mitatu. Wazee walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa, Shangazi. Nilirembesha.

Hospitali kuu iko dakika kumi kwa miguu kutoka hapa nilipokaa. Kumi. Ningeweza kwenda Februari. Nilikwenda juzi. Nilimkuta mtaalamu wa mashine ya mionzi amesimama mlangoni mwa lile jengo la nyuma, kikombe cha chai mkononi, mtu wa makamo, mchovu. Nikamuuliza kama mgonjwa akimaliza tiba ya mashine hii anatoka na mionzi mwilini.

“Dada, ukizima taa, unabaki na mwanga mfukoni?”

“Hapana.”

“Basi na hii ni hivyo. Mashine ikizimwa, hakuna kinachobaki. Mtoto anatoka hapa msafi kama wewe.” Kisha akaniangalia. “Lakini ni nani anayewaambia watu kwamba inakaa? Mwezi wa tano alikuja mama mmoja, amesafiri usiku kucha, kuniuliza kama ni salama kulala kitanda kimoja na mwanawe. Nikamwambia, mama, si tulikueleza? Akasema, mlinieleza, lakini hii imechapishwa.”

Akaniingiza ofisini, akafungua mtoto wa meza, akanionyesha. Karatasi yangu. Imekunjwa mara nne, na chini ya “inakaa” pamepigwa mstari kwa kalamu ya risasi.

Nilitaka kumwambia ni mimi. Nilisema, “Nimeiona mahali.”

Aliandika barua, akaisaini na kuigonga muhuri, inayoeleza yote hayo kwa maneno ambayo hata sisi tungeyaelewa. Nimeifunga humu. Isomwe mkutanoni, na baada yake usome hii yangu ya mistari mitano inayosema msomi wa chuo kikuu alisema uongo. Usiniondolee jina.

Kuhusu kisanduku bado nasimama nilipokuwa: kikae koridoni, kizimwe kisipotumika, waya utangulie. Lakini hayo ulikuwa umekwisha yapata wewe, kwa ngazi moja na fundi mmoja, kabla sijaharibu.

Neno moja zaidi, na unisamehe, mimi ni mtu wa kusoma sentensi. Umeandika kwamba dawati la Nukta “lilikuwa limekwisha sogezwa”. Mambo mengine yote katika barua yako yana mtendaji: fundi alisoma, mama alidakia, watoto waliimba. Dawati peke yake ndilo lililojisogeza. Nani alilisogeza?

Kipaza

*

Nyumbani
28 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako sasa anatembea bila fimbo, na amerudia chumvi. Kompyuta zetu zimevutiwa waya, na kisanduku kiko koridoni juu ya mlango wa stoo, kinawashwa saa mbili kwa siku. Fundi alilazimika kupiga msumari mpya.

Barua ya mtaalamu ilisomwa. Na yako. Fundi cherehani alisikiliza mpaka mwisho, akavua futi shingoni, akasema mbele ya watu wote, “Basi tumemkosea mtoto.” Kisha akakaa, akaikunja futi, akaikunjua, akaikunja. Watoto ni wepesi kuliko sisi: niliwaeleza ile ya taa na mfuko, na jioni yake kamba ilikuwa na wimbo mwingine. Nilidhani tumemaliza.

Dawati nililisogeza mimi.

Ilikuwa siku mbili kabla ya ule mkutano wa pili. Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia anahitaji hewa ya dirishani kwa sababu ya afya yake, na nilimwambia yeye hivyohivyo, naye akanishukuru. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeisoma karatasi yako jikoni, mimi niliyekuonya juu ya neno lile, na nilipoinama kusahihisha daftari lake nilijikuta nimezuia pumzi. Ndiyo maana sikusimama mkutanoni. Si kwa kukosa jibu la kitaalamu. Ningesimama na uso upi? Wewe uliandika neno, Kipaza, lakini watoto hawasomi vipeperushi. Watoto walitazama mwalimu wao amefanya nini. Nimekaa na hili miezi mitano, nikakuacha ulibebe peke yako. Unisamehe.

Nukta hakurudi. Mama yake alimpeleka kwa mama yake mdogo, mji mwingine, na huko wamesema mtoto alikuwa na homa ndefu, basi. Nilimwandikia kumweleza kwamba mambo yamekwisha, mlango uko wazi. Alinijibu kwa adabu sana. Alisema anashukuru, na kwamba shule mpya nayo ina kisanduku, juu ya safu ya mwanawe, na moyo wake haujatulia, angependa nao wakisogeze. Lakini hawezi kuuliza. Akiuliza watataka kujua kwa nini yeye, kati ya wazazi wote, anaogopa mionzi. Umeona tulipomfikisha? Ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza ya kuuliza lile swali lako, na ndiye pekee asiyeweza.

Wiki iliyopita nilitumwa semina katika mji huo. Sikutakiwa kwenda, lakini nilikwenda kusimama ng'ambo ya barabara wakati wa kutoka shule. Walitoka wengi, na yeye katikati yao, nywele zimeota, amewashika mikono wasichana wawili, huku na huku, anawasimulia jambo nao wanapiga kelele za kicheko. Nilimwita. Mdomo ulinitangulia.

Alisimama. Aliwaambia wenzake kitu, akavuka peke yake, akafika mbele yangu, akainamisha kichwa kama tulivyowafundisha.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo.” Akatazama nyuma walikokuwa wakimngoja. “Mwalimu, hapa hawajui. Naomba usiniite tena.”

Nilimwambia sawa. Akarudi mbio. Nilimsikia mmoja akimuuliza, “Nani yule?” na yeye akajibu bila kusita, “Anauliza njia,” kisha akanigeukia, akanionyesha upande wa kushoto.

Kwa hiyo nilimwonyesha heshima niliyobaki nayo, mwanangu. Nikaenda upande alioniashiria kwa kidole, mpaka nilipopotea machoni pao, ingawa haikuwa njia yangu.

Shangazi yako